11 Februari: furaha iliyochanganyika na msiba

Kila inapofika tarehe hii nawafikiria watu wazima wa Dar es Salaam waliolia mwaka 1990, Mandela alipotoka gerezani. Kilio kile nakiheshimu sana, kwa sababu hakikuwa cha watazamaji.

Ilikuwa Jumapili. Alitarajiwa kutoka gereza la Victor Verster saa kumi kwa saa za kwetu. Ikapita. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, kwa hiyo watu walitegea redio, na kuchelewa kule kuliwatia hofu: makaburu walikuwa wameshavunja matumaini mara nyingi mno. Alitokea saa kumi na moja na robo jioni, ameshikana mkono na Winnie, mvi zimejaa. Picha zake mpya zilikuwa zimepigwa marufuku kwao Afrika Kusini kwa miaka mingi, hivyo hata wafuasi wake hawakujua amezeekaje.

Lakini Dar ilikuwa na hisa yake katika siku ile. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa hapa hapa kwa bomu la kifurushi, 3 Februari 1969. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC, chama cha Mandela, ardhi ya Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Wapo waliofia Mazimbu na kuzikwa kule kule. Ukiwakumbuka hao, utashangilije bila machozi?

Wanaowasimulia watoto habari hii wengi huishia getini, na hapo ndipo inapoharibika. Jioni ile Mandela alikuwa huru lakini hana kura. Sheria ya kuandikisha watu kwa rangi ilifutwa 1991, kura ikaja 27 Aprili 1994, na kati ya hapo maelfu waliuawa katika vurugu za kisiasa. Mtoto asipoambiwa hayo ataamini usawa ulitolewa siku moja na wakubwa wenye huruma.

Mwenye nafasi awapeleke Mazimbu. Treni ya SGR au basi la asubuhi kutoka Mbezi linakufikisha Morogoro, na jioni unarudi. Siku hizi pale ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ulizeni getini njia ya kwenda makaburini, na muanzie huko kabla ya madarasa.