Kumbukumbu ya mradi: modemu ya kasi kwenye laini ya shaba ya nyumbani

Lengo: kompyuta mbili, moja ya Windows 98 na nyingine ya Linux, ziingie intaneti kwa modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ya simu, kupitia laini ya kawaida ya nyumba iliyo nje ya mji, Marekani. Kasi inayotafutwa ni ile ambayo laini inaweza kuibeba saa nzima bila kukatika, si ile inayotokea dakika ya kwanza tu.

Kasi inatoka wapi

Maandishi ya "56K" kwenye boksi la modemu yasikushawishi mapema. Eksichenji, kituo cha kampuni ya simu ambako laini huishia, hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla biti 64,000. V.90, kanuni ya modemu za 56K ya mwaka 1998, inafanya kazi pale tu ambapo sauti inageuzwa kati ya dijitali na analogi mara moja njiani, yaani mtoa huduma wa intaneti awe ameunganishwa kidijitali na eksichenji. Ndiyo sababu data inashuka (kuja nyumbani) kwa kasi kuliko inavyopanda (kutoka nyumbani). Kupanda ni biti 33,600 kwa sekunde mwisho; V.92 ya mwaka 2000 iliongeza hadi 48,000. Marekani, kikomo cha nguvu ya mawimbi cha FCC, mamlaka ya mawasiliano, kilishusha 56,000 ya kushuka hadi 53,333. Na modemu mbili za nyumbani zikipigiana haziwezi kuvuka 33,600, hata zote ziwe V.92.

Laini kabla ya modemu

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi hupita haraka. Fungua kisanduku cha simu kilicho ukutani nje, chomoa plagi ya majaribio ili nyaya za ndani zitengwe, kisha chomeka simu ya kawaida kwenye tundu hilo. Bonyeza tarakimu moja mlio wa laini unyamaze, usikilize. Mkwaruzo unaozidi baada ya mvua ni kiungio kilichoingia maji au kutu. Mvumo mzito wa umeme ni waya mmoja wa jozi unaogusa ardhi au usiolingana na mwenzake. Kukiwa kimya nje na kelele ndani, tatizo ni la nyumba, wala huna haja ya kumwita fundi wa kampuni.

Ndani, modemu ipewe waya wake kutoka kisandukuni: jozi iliyosokotwa, kwa mfano jozi moja ya kebo ya mtandao ya Cat 5. Waya bapa wa simu uwe mfupi, wa kutoka ukutani hadi kwenye modemu tu. Ondoa simu za ziada na vigawanyi wakati wa kupima. Kama kuna mtambo wa kengele za wezi, angalia: mara nyingi laini nzima hupita ndani yake kwanza. Vizuia-radi vya bei rahisi navyo hunyonya masafa ya juu. Pima navyo, kisha bila navyo. Laini ikibeba intaneti ya DSL pia, modemu ikae nyuma ya kichujio.

Kuna mawili ambayo mwenye nyumba hawezi kuyarekebisha. La kwanza ni koili za laini ndefu, yaani nyaya za mviringo zinazoungwa kwenye laini, ambazo Marekani huwekwa nyumba ikiwa zaidi ya futi 18,000 kutoka eksichenji. Zinaifanya sauti ya mazungumzo isikike vizuri, lakini juu ya 3,400 Hz zinakata kabisa. La pili ni kifaa cha kugawa jozi moja ya shaba kwa nyumba mbili, ambacho huongeza ugeuzaji wa pili. Kikiwepo, sahau V.90.

Kuchagua

Kigezo changu cha kwanza si kanuni iliyoandikwa, ni kama modemu ina kidhibiti chake yenyewe, yaani chipu inayofanya kazi ya modemu bila kuitegemea kompyuta. Modemu za programu (softmodem), kadi za ndani za PCI, kama zile za PCTel au Conexant HSF, huitupia CPU kazi ya hesabu zote. Kompyuta ya zamani ikielemewa kidogo, muunganisho unayumba, nawe utailaumu laini bure. Kwenye Linux nazo hutaka draiva ambayo huenda isipatikane kwa kerneli ya leo. Kadi yenye chipu moja ndogo na nafasi tupu nyingi, itilie shaka.

Kwa Windows 98 chaguo ni US Robotics Courier ya nje, ya tundu la siriali. Ina taa za mbele zinazoonyesha hali ya kila wakati, na zaidi ya yote inaeleza laini ilivyo. Kwa Linux ni USR5637 ya USB: ina kidhibiti, na hujitokeza kama /dev/ttyACM0 bila draiva ya ziada.

Tundu la siriali liwe na chipu ya 16550A. Ukiweka tundu kwenye biti 115,200 kwa sekunde, baiti moja hufika kila baada ya maikrosekunde 87 hivi. Chipu ya zamani ya 16450 haina akiba ya kuzipanga, hivyo Windows ikichelewa kidogo baiti zinapotea. 16550A ina akiba ya baiti 16. Usilishushe tundu hadi 57,600 eti modemu ni 56K: V.42bis, kanuni ya ukandamizaji, hukandamiza maandishi, na modemu inaweza kutoa data haraka kuliko inavyoipokea kwenye laini.

Mpangilio na vipimo

Courier inaanza na amri AT&F1, ambayo huwasha udhibiti wa mtiririko wa data kwa waya za RTS na CTS za tundu la siriali. Kama laini ina ujumbe wa sauti, mlio huwa wa kukatikakatika na modemu hudhani hakuna laini. Ongeza X3 ipige bila kuusubiri. Simu ya pili ikiingia hukata data, kwa hiyo namba itanguliwe na *70 na mkato: ATDT*70, kisha namba.

Baada ya kukata simu, ATI6 hutoa idadi ya makosa na mara ambazo modemu zilijipanga upya. ATI11 hutoa kanuni iliyotumika na kasi ya alama, yaani idadi ya alama zinazotumwa kwa sekunde. Kwenye V.34, kanuni ya 33,600 iliyotangulia V.90, 3,200 maana yake huwezi kuzidi 31,200. Ili upate 33,600 inatakiwa 3,429. ATY11 ndiyo ninayoithamini kuliko zote: jedwali la nguvu ya sauti kutoka 150 Hz hadi 3,750 Hz. Likishuka polepole mwishoni, laini ni ndefu tu. Likiporomoka ghafla juu ya 3,300, shuku koili.

V.92 ikisumbua, izime kipande kwa kipande: AT+PIG=1 huzima kupanda kwa PCM (ile ya hadi 48,000), AT+PQC=3 huzima muunganisho wa haraka. Kwenye modemu za Conexant unaweza pia kuweka dari:

AT+MS=V90,1,0,33600,0,45333

Kasi za V.90 hupanda kwa hatua ya 1,333, kwa hiyo 45,333 ni hatua tatu chini ya 49,333. Modemu inayong'ang'ania 49,333 na kujipanga upya kila mara hunyamaza sekunde kadhaa kila inapofanya hivyo, na faili linachelewa kuliko kwenye 45,333 tulivu. Pima kwa faili la zip, ambalo halikandamiziki tena: kwenye 48,000 tarajia baiti 5,500 hivi kwa sekunde, megabaiti moja kwa dakika tatu na ushee.

Kilichobaki

Laini inayopitia adapta ya fiba au kebo, ambako sauti hutumwa kama pakiti za data, itapimwa peke yake. Huko lazima G.711 (usimbaji wa sauti wa biti 64,000), kinyonya-mwangwi kizimwe, ukandamizaji wa ukimya uzimwe, akiba ya pakiti iwe ya kiwango kimoja. V.90 haitegemewi hapo kwa sababu saa ya adapta na ya mtandao haziendi sawa; nitaanza na AT+MS=V34 na kushuka.