Mnyororo Ndani ya Mbuyu

Likizo ya Juni nyumbani kwangu ina sauti moja tu: katuni, kuanzia saa moja asubuhi. Nikamwambia kijana wangu wa darasa la nne kwamba Jumamosi tunakwenda Bagamoyo. Bibi yake aliposikia akasema haachwi mtu hapa. "Mume wangu aende peke yake, akaniolee huko?"

Tukapanda daladala Makumbusho. Kondakta, kama kawaida yao: "Mama, mpakate mtoto." Mtoto mwenyewe miguu inagusa sakafu. Nikalipia kiti chake, safari ikaendelea: Tegeta, Bunju, Mapinga, bibi akitutajia kila mahali palipokuwa pori enzi zake. Sasa ni nyumba na fremu za maduka, barabara nzima.

Kaole hatukukaa sana, jua lilikuwa kali. Ni magofu ya misikiti na makaburi, mengine yanahesabiwa kuwa ya tangu karne ya 13, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na bahari imeshajificha nyuma ya mikoko. Kuna mbuyu mkubwa pale ambao wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri. Mwanangu akauzunguka mbio mpaka akahema. Bibi hakunyanyuka kwenye kivuli. "Miaka ninayo," alisema. "Miguu ndiyo sina."

Tukachukua bajaji kurudi mjini, hadi misheni ya Wakatoliki, ambayo mapadri waliianzisha mwaka 1868. Katika makumbusho yao muongozaji alitueleza jinsi walivyokuwa wakiwakomboa watumwa kwa kulipa fedha, kisha wakawapa mahali pa kuishi pale pale misheni. Mwanangu akauliza, "Walikuwa wamefanya kosa gani hao watumwa?"

Nilikuwa nimejiandalia jibu laini la kumpa tukifika hapo. Bibi akanitangulia. "Hawakukosa kitu. Walikamatwa kwao, wakatembezwa mpaka baharini, wakauzwa. Na waliowauza, wengine walikuwa weusi kama mimi na wewe." Nilimtazama mtoto nikidhani atalia. Akatikisa kichwa tu, akaendelea kusoma ukutani. Nadhani mama yangu alifanya sawa. Jibu langu lile lilikuwa la kunituliza mimi.

Nje kuna mbuyu mwingine, na ndani ya shina lake umezama mnyororo wa chuma. Kinachoonekana ni kipande kifupi. Mwanangu ndiye aliyeuona kwanza. "Mama! Hapa ndipo walipowafunga!" Muongozaji akacheka, si kwa kejeli. Bila shaka kila mgeni humwambia hivyo hivyo. Inasimuliwa kwamba mnyororo ule ni wa mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akimfungia punda wake hapo mwishoni mwa karne ya 19. Mti ukanenepa, ukaumeza. Mwanangu hakuridhika. Alizunguka shina lote akitafuta mnyororo wa pili.

Hapo ndipo yule muongozaji alipotueleza jambo ambalo sikumbuki kufundishwa shuleni: kwamba wengi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, watu waliojulikana kwa kazi hiyo na waliojua thamani yake. Mimi siku zote nilikuwa nikiuona msafara mzima umefungwa shingoni.

Tukafika kwenye mnara wa kanisa la zamani, ule wanaouita mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Maiti yake ililetwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Alikuwa amefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo huko huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mpaka pwani.

"Kwa chumvi? Kama papa wa sokoni?"

"Astaghfirullah," bibi akasema, halafu akageukia ukutani kuficha kicheko.

Lakini mtoto alikuwa hajamaliza. Alitaka kujua kama Susi na Chuma walilipwa, kama maiti ilikuwa inanuka, nani alibeba kichwani na nani miguuni. Halafu: "Mbona mnara hauitwi wa Susi? Huyu si alikuwa amelala tu?" Muongozaji akakuna kidevu. Akasema wazungu ndio walioandika. Bibi akamwambia mjukuu wake, "Basi na wewe andika."

Mchana tulikula samaki wa kukaanga na ndizi karibu na soko la samaki, bibi akalalamikia bei na akala kuliko sisi wote. Tukanunua ubuyu, tukarudi na foleni ya Tegeta ambayo sina la kuisemea.

Jana amekaa kufanya kazi ya likizo, insha ya safari. Nimeichungulia. Kuna punda, kuna kondakta, kuna samaki na bei yake. Kichwa cha habari ni "Mnara wa Susi na Chuma." Bibi anataka aongeze kwamba alikuwapo, tena mbele kabisa, kabla ya punda. Bado wanabishana.