Novemba, Inshallah, Lake Mead

Tumeshakubaliana na kaka: Novemba, inshallah. Yeye anaishi Las Vegas, mimi niko hapa Tanga, na safari ya Lake Mead, ziwa la huko kwake, tunaipanga kwa simu, huku kwetu isha imeshaswaliwa na kwake ndiyo kwanza asubuhi.

Mwanzo alitaka niende Julai, watoto wake wakiwa likizo. Nikakataa. Lile ni jangwa la Mojave. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na baadhi ya njia za miguu hufungwa kabisa kwa sababu watu huzimia, wengine hufa. Joto la Tanga nalijua, linakulowanisha shati. Lile linalokausha jasho kabla hujaliona ndilo linalonitisha.

Mama alitusikia akauliza, "Ziwa jangwani, mwanangu? Nani kaliweka?"

Kweli liliwekwa. Mto Colorado ulizibwa kwa Hoover Dam, ukuta wa zege wenye kimo cha mita 221, uliozinduliwa 1935, maji yakarudi nyuma na kujaza mabonde. Nikamwambia mama akumbuke Nyumba ya Mungu, bwawa la umeme linaloyashika maji ya Kilimanjaro na Meru kabla Mto Pangani haujateremka kwetu. "Kumbe umeme," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kaka naye ana yake: kukodi boti, kuvua, kuogelea, kupiga picha juu ya ukuta mpakani mwa Nevada na Arizona, ambako majira ya baridi ukivuka tu saa inabadilika. Picha sawa, nitapiga. Lakini kuogelea? Mtu wa Raskazone, ufukweni hapa Tanga, apande ndege kwenda kuogelea! Ninachokifuata mimi ni ule utepe mweupe kwenye majabali. Ni madini yaliyogandia mwambani pale maji yalipokuwa yakifika zamani, na maji yenyewe sasa yako chini mno. Tangu 2000 ukame, pamoja na miji na mashamba yanayoutegemea mto, vimekuwa vikiyashusha, hadi Julai 2022 yakawa chini kuliko wakati wowote tangu ziwa lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930. Sehemu kadhaa za kushushia boti zikabaki nchi kavu.

Sisi maji kuondoka tumezoea. Yakipwa, kina mama wanashuka kuchokoa pweza, mashua zinalala ubavu, na hakuna anayeuliza kama yatarudi. Hata bamvua tunajua lini linakuja. Maji yaliyoondoka bila miadi, tena mengi namna ile, sijapata kuyaona. Nataka nisimame chini ya utepe ule niangalie juu.

Kisha kuna St. Thomas. Kilikuwa kijiji cha Wamormoni, watu wa dhehebu lililoanzia Marekani. Maji yalipopanda, mkazi wa mwisho akahama 1938. Ukame umekifichua tena: misingi ya nyumba, ngazi za shule, visiki vya miti. Kwa mtu aliyekua akipelekwa kwenye magofu ya Tongoni, huko hupiti tu na gari. Panataka siku nzima, kofia, na maji ya kunywa ya kutosha.

Viza bado, nauli naendelea kuidunduliza. Jana kaka amerudia tena habari za boti yake. Nimemwambia asubuhi moja ya boti nampa, ila siku ya St. Thomas asiiguse.