Uwanja Nilioupita

"Shangazi, ule si uwanja wa ndege?"

Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo upande wa kulia. Nikainama kutazama. Barabara moja ya kurukia, banda, na pembeni tangi jeupe la mafuta. Tulikuwa angani kwa saa 2 na dakika 10. Nikamjibu, "Ndiyo, lakini mafuta tunayo." Saa moja na dakika 2 baadaye injini ikazima.

Nimekaa na jambo hili miaka mitatu bila kuliandika. Wiki iliyopita mwanafunzi wa urubani aliniuliza nilikosea wapi siku ile, nikajikuta namweleza habari za upepo. Sikupenda jibu langu, kwa hiyo naandika.

Ndege ilikuwa Cessna 172 ya zamani, matangi mawili ndani ya mabawa, jumla lita 151 zinazoweza kutumika. Safari ilikuwa kilomita 575. Kwa mwendo wa kilomita 195 kwa saa, ni chini kidogo ya saa 3. Kitabu cha ndege kilinipa lita 32 kwa saa. Nikaongeza lita 5 za kuwasha, kutembea chini na kupanda, nikapata lita 100. Zingebaki 50, yaani saa moja na nusu ya ziada. Hesabu ilinipendeza. Shida ni kwamba kila namba niliyoiweka mle niliipokea tu, sikuipima.

Rubani aliyeitumia kabla yangu aliniambia ameijaza. Nilipanda ngazi, nikafungua vifuniko, nikaona mafuta yanameta karibu na mdomo, nikafunga. Kijiti cha kupimia kilikuwa kwenye mfuko nyuma ya kiti changu. Tangi la bawani ni pana lakini kina chake ni kifupi, kwa hiyo vidole viwili vya upungufu ni lita nyingi. Baadaye wachunguzi walikadiria kwamba tuliondoka na lita 120 hivi.

Lita 32 za kitabuni nazo zina sharti. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, na rubani anatakiwa kuvuta kitasa chekundu ili apunguze mafuta yanayoingia kwenye injini. Mimi nilikivuta kidogo, nikahofia injini itapata joto, nikakiacha hapo. Tukawa tunachoma lita 36 kwa saa. Na utabiri wa upepo niliokuwa nao ni wa jana yake usiku. Siku ile ulivuma kutoka mbele, kilomita 28 kwa saa, na injini haijali umekwenda umbali gani; inakunywa kwa saa.

Nimerudia hesabu hizo mara nyingi sana. Kosa lolote kati ya hayo matatu, lingekuwa peke yake, tungefika. Hata tangi pungufu pamoja na upepo, tungefika, na lita 5 mkononi.

Lakini hayo yote yangeweza kurekebishwa pale juu ya uwanja ule, na hapa ndipo panaponiuma. Nilishajua kwamba tumechelewa. Dakika 10 kabla, mto uliokuwa kwenye ramani yangu ulinionyesha kwamba tuko nyuma kwa dakika 17. Na geji zote mbili zilikuwa zinasoma robo. Kwa mpango wangu zilitakiwa kusoma nusu.

Geji za ndege ndogo kama ile zinaendeshwa na boya linaloelea ndani ya tangi, na mshale hucheza kila ndege inapotikisika. Tangu siku za kwanza za mafunzo tunaambiwa tusiziamini. Ni onyo la haki: geji ikisema mafuta yapo, nenda kapime kwa kijiti. Mimi nililitumia onyo hilo kinyume. Geji iliniambia mafuta ni machache, nikasema geji hizi zinadanganya. Siku ile ni hizo tu zilizokuwa zinasema kweli ndani ya ndege. Kutua na kujaza kungenila dakika 40, na kaka yangu alikuwa anatusubiri.

Injini haikuzima kwa kishindo. Ilikohoa, ikashika, ikakohoa tena, halafu nikausikia upepo. Tulikuwa mita 900 juu ya ardhi, na bado kilomita 41. Kutoka kimo hicho, ndege ile ikishikiliwa kwenye mwendo wake wa kuelea hukupa kama kilomita 8 na dakika 4. Nikaita Mayday, wito wa dharura, kwenye redio, nikageuza swichi ya tangi huku nikijua hakuna kitu, nikamwambia kijana akaze mkanda na afungue komeo la mlango. Shamba nililolichagua lilionekana tambarare kutoka juu. Lilikuwa na mtaro. Gurudumu la mbele likaingia humo, ndege ikapinduka chali.

Alivunjika mtulinga. Mimi nilipasuka juu ya jicho. Hakukuwa na moto, maana hakukuwa na cha kuungua. Sikusikia hata harufu ya petroli tulipokuwa tunaning'inia kwenye mikanda.

Wengine husema haya ni makosa ya wanafunzi. Mwaka 2017, NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilieleza kwamba ajali zinazotokana na usimamizi wa mafuta zilikuwa zaidi ya 50 kwa mwaka nchini humo, na karibu nusu ya marubani waliohusika walikuwa na leseni za kibiashara au za juu zaidi. Na mwaka uliotangulia, tarehe 28 Novemba, ndege iliyowabeba wachezaji wa Chapecoense, klabu ya soka ya Brazil, kutoka Bolivia iliishiwa mafuta karibu na Medellín, Colombia, watu 71 wakafa. Mpango wao ulionyesha safari ya saa 4 na dakika 22, na mafuta ya saa 4 na dakika 22. Nao walikuwa na viwanja njiani. Niliposoma ripoti ile sikuweza kumhukumu rubani kwa wepesi kama wengine.

Sasa napima kwa kijiti, kila tangi, hata nikiwa nimejaza mwenyewe. Kabla ya kuwasha injini naandika kwenye karatasi ya gotini saa ambayo lazima niwe nimeshatua, nikiwa na saa nzima ya mafuta iliyobaki. Sheria za Marekani zinadai dakika 30 tu mchana. Mimi siziwezi tena dakika 30.

Mtulinga ulipona. Sasa ana miaka 19, na bado huniuliza habari za ndege tukikutana. Hajawahi kupanda nami tena, nami sijamwomba. Ila swali lake la siku ile sasa huwa nawaomba abiria wangu waniulize: kila mkiona uwanja, niambieni.