Mbu wa Houston na kidonge cha kila mwezi

Mtu wetu akihamia Houston, Texas, wenyeji wake humpa darasa la mambo mengi: bima ya gari, kodi ya nyumba, joto la Agosti, duka gani lina unga wa ugali. Siku watoto wanapoanza kulilia mbwa, darasa hilo halipo. Mbwa analetwa, anapewa jina na godoro, anapigwa picha, na wazazi wanaamini kazi iliyobaki ni chakula. Nimeona mbwa wazuri wakifa katika nyumba za watu wanaowapenda kwa ugonjwa ambao kinga yake inauzwa kila kona ya jiji hili, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu.

Ugonjwa huo ni minyoo ya moyo. Houston ni tambarare, mvua nyingi, maji yaliyotuama kila mahali, unyevunyevu kama wa Tanga mwezi wa Aprili. Mbu wapo karibu mwaka mzima. Mbu akimuuma mbwa mgonjwa anafyonza minyoo michanga isiyoonekana kwa macho. Inakomaa kidogo ndani ya mbu kwa wiki mbili hivi, kisha akimuuma mbwa mwingine anamwachia. Miezi ya mwanzo inatembea chini ya ngozi na kwenye misuli bila dalili yoyote. Kama miezi sita baadaye imeshafika kwenye moyo na mishipa ya mapafu, na jike anaweza kuwa na urefu wa sentimita 30. Mnyoo mmoja huishi miaka mitano hadi saba, na muda wote huo mbu wanaendelea kuchukua vitoto vyake na kuvipeleka kwa mbwa wa jirani.

Kliniki tunayokwenda ina chupa ya kioo mezani pa mapokezi. Ndani yake kuna moyo wa mbwa uliopasuliwa katikati na kuhifadhiwa kwenye dawa, na chumba kimoja cha moyo kimejaa minyoo myeupe kama tambi zilizoshindiliwa kikombeni. Binti yangu aliitazama kwa muda, akamuuliza daktari mbwa yule alikuwa anapumua vipi. Daktari hakumficha: alikuwa anapumua kwa shida, akawa anakohoa, akachoka, tumbo likajaa maji. Tangu siku hiyo kumpa mbwa wetu kidonge cha kinga kila tarehe mosi ni kazi ya binti yangu na hakuna anayemkumbusha.

Aliyekulia Muheza, Pangani au Lindi ataona kwamba hadithi hii anaijua. Mnyoo wa moyo wa mbwa ni ndugu wa mnyoo wa matende na mabusha. Ukoo wao ni mmoja, wote wanabebwa na mbu, na hata dawa ya kinga inakutana. Dawa hiyo, aivamektini, ilitokana na vijidudu vya udongo wa Japani alivyovikusanya mwanasayansi Satoshi Ōmura, na mwenzake William Campbell akaifanyia kazi katika maabara za kampuni ya dawa ya Merck. Mwaka 1987 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani kama kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa, na mwaka huohuo Merck wakatangaza kuitoa bure kwa binadamu wenye usubi. Kwetu imemezwa kwa ajili ya usubi kule Mahenge na, pamoja na albendazo, kwa ajili ya matende katika ukanda wote wa pwani. Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Nilimweleza hayo mjomba wangu kwa simu, kwa sababu alikuwa amesikia kutoka kwa wajukuu kwamba mbwa wetu anameza dawa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hivi kweli huyo mbwa mnamfanyia kingatiba?"

"Kweli mjomba. Tena dawa ni ileile mliyokuwa mnamezeshwa nyie, ila yake ni kidogo sana."

Akanyamaza kidogo. "Basi mpeni, msiache. Sisi tulipoanza watu walikimbia, wakasema inaua uzazi. Waliokimbia wengine unawajua miguu yao."

Namwamini mjomba kuliko tangazo lolote. Zile siku za kumeza dawa mtu alisimamishwa kwenye kijiti, akapimwa urefu, akapewa vidonge kwa kadiri ya kimo chake. Mbwa anapandishwa kwenye mizani na kupewa kwa kadiri ya kilo zake. Akikua, dozi inabadilika, ndiyo maana huwezi kununua ya mwaka mzima kwa mbwa wa miezi mitatu ukasema umemaliza.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kidonge kinafanya kazi kwa kurudi nyuma. Cha tarehe mosi Juni kinaua minyoo michanga iliyoingia mwezi wa Mei, basi. Ukiruka miezi miwili au mitatu, ile iliyoingia inapita umri wa kuuawa na kidonge, na kuanzia hapo inakua tu. Ndiyo sababu Chama cha Minyoo ya Moyo cha Marekani kinashauri kinga miezi 12 ya mwaka na kipimo kila baada ya miezi 12. Kipimo ni matone machache ya damu, na majibu unapewa ukiwa umekaa palepale. Daktari akikataa kukuandikia dawa bila kipimo, usidhani anatafuta hela. Mbwa mwenye minyoo mingi michanga kwenye damu anaweza kupata mshtuko mbaya akipewa dawa ghafla.

Na tafadhali, tusiende kwenye maduka ya vyakula vya mifugo kununua aivamektini ya ng'ombe ili kubana matumizi. Ile imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Tone la ziada kwa mbwa mdogo linaweza kumpofua au kumuua, na baadhi ya mbwa, hasa jamii ya kolii, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa kupenya hadi kwenye ubongo. Kidonge cha daktari kina kiasi kidogo mno ambacho hata hao wanakihimili.

Tiba ipo kwa mbwa aliyekwisha kuambukizwa, lakini nimeiona kwa karibu na simtakii mtu. Jirani yangu mmoja, mama wa Kisumu, alichukua mbwa mtu mzima kutoka kituo cha wanyama, akijua kwamba ana minyoo. Sindano ni za dawa yenye aseniki, zinachomwa ndani kabisa kwenye misuli ya mgongo: moja kwanza, na baada ya mwezi mbili nyingine, siku mbili mfululizo. Minyoo ikifa inakatikakatika na vipande vinakwenda kwenye mapafu, kwa hiyo mbwa akikimbia mishipa yake inaweza kuziba, akafa. Miezi ile yote alikaa kwenye kizimba sebuleni, akitolewa kwa kamba fupi kwenda kukojoa na kurudi. Mama huyo alifunga mapazia mchana kutwa ili mbwa asione kindi uani akaruka. Mbwa alipona, na leo anakimbia vizuri. Lakini bili ilizidi dola elfu moja, pesa ambayo ingemnunulia kinga ya miaka mingi.

Chanjo za utotoni sitakaa nazo sana. Mtoto wa mbwa anaanza kati ya wiki ya sita na ya nane, anarudia kila baada ya wiki chache hadi wiki 16, na watu hulalamika kwamba marudio ni mengi. Sababu yake ni maziwa ya mama. Kinga aliyonyonya inaizima chanjo, na hakuna ajuaye itaisha wiki gani, basi unarudia hadi chanjo ishike. Kabla hajamaliza, asitembezwe kwenye bustani za mbwa, kwa sababu virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi na kuharisha kwake ni kwa damu. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaochanjiwa, nayo si jambo dogo. Mwaka 1994 iliua kama theluthi ya simba wa Serengeti.

Chanjo ambayo Waswahili wenzangu huikataa kwa sababu "si ya lazima" ni ya leptospira. Hii ndiyo homa ya mgunda, ile iliyoua watu Ruangwa mwaka 2022 na kutushtua wote. Inatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, inakaa kwenye maji na matope, na Houston ni mji wa mafuriko. Mbwa akinywa maji ya dimbwi nyuma ya nyumba anaweza kuipata, ikamharibu figo na ini, na mkojo wake ukaleta ugonjwa ndani ya nyumba yenye watoto wanaotambaa. Chanjo hiyo inarudiwa kila mwaka. Mimi siiruki.

Jikoni pia kuna kinga. Masalia ya pilau msimpe: vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu yake, na kama umetia zabibu kavu, hizo zinaweza kuua figo. Chokoleti hapana. Bazoka zisizo na sukari hapana kabisa, kwa sababu ya zailitoli iliyomo ndani yake, kile kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari, ambacho kwa mbwa ni sumu.

Kichaa cha mbwa kina sheria. Texas inataka mbwa awe amechanjwa kabla ya kufikisha wiki 16, na achanjwe na daktari wa mifugo au chini ya usimamizi wake. Hifadhi cheti. Popo au kicheche mwenye kichaa akimgusa mbwa wako aliye na chanjo hai, atachanjwa tena na kufungiwa siku 45. Asiye na chanjo, kama hakuuawa, anatengwa siku 90. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba kichaa kinachoenezwa na mbwa kwa mbwa kimekwisha hapa. Texas ilifika huko kwa kuchanja mbwa na, tangu 1995, kwa ndege zinazodondosha chambo zenye chanjo porini ili mbweha na koyoti, mbwa mwitu wadogo wa huku, wajichanje wenyewe.

Nchi zetu bado ziko kwenye vita hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote Afrika na Asia, na mbwa ndiye chanzo cha asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Kwa hiyo ukitaka kumpeleka mbwa likizo nyumbani na kurudi naye, fahamu kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2024 Marekani inamdai awe na miezi sita au zaidi, mikrochipu ya utambulisho chini ya ngozi, na fomu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Akitoka Kenya au Tanzania anahitaji pia cheti cha chanjo ya Marekani kilichoidhinishwa na serikali kabla hajaondoka. Ukikisahau, kuna kipimo cha damu, karantini na gharama juu yake.

Ninachowaza zaidi ni watoto wetu. Mtoto aliyekulia Houston anamshika kichwa kila mbwa anayekutana naye, kwa sababu hapa wamechanjwa. Akifika Muheza atafanya vilevile kwa mbwa wa njiani. Mwambieni kabla ya safari, na muulizeni daktari wake kuhusu chanjo ya kichaa ya kabla ya kuumwa. Akiumwa au kukwaruzwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka mafuta ya taa wala majani, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.