Rosa nimemmaliza, sasa nisome nini?
Jana usiku nimemaliza Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi (1971). Wengi humlilia Rosa; mimi aliyenikaa kichwani ni baba yake, Zakaria. Pesa yote inaishia kwenye pombe, halafu akikamata barua ya mvulana anampiga binti kama mwizi. Wazee wa aina hiyo mtaani kwetu wapo tele! Ile kesi ya mbinguni mwishoni haikunikolea, ningeishia hapa hapa duniani. Ila riwaya hii kuwahi kupigwa marufuku shuleni? Jamani.

Sasa nimekwama kati ya Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, na Kuli ya Adam Shafi. Nagona ni kembamba lakini nasikia kinaumiza kichwa, na changu wiki hii kimeshachoka. Naelekea bandarini Zanzibar, kwenye mgomo wa makuli wa 1948. Mliosoma, msinipe mwisho wake.