Nyasi ndefu kwenye mchanga wa Kigamboni

Huku kwetu Kigamboni udongo ni mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo ya maji yanazama kabla hujageuka, na maji yenyewe ya kisima yana chumvi kidogo. Upepo wa kusi ukishika kasi katikati ya mwaka, maua mengi niliyoyaona kwa majirani huungua kingo za majani. Mimi nilitaka bustani yenye kimo, kitu cha kusimama mbele ya ukuta na kucheza na upepo badala ya kupigana nao. Nyasi ndefu zimenipa hilo, na sizibadilishi kwa ua lolote.

Kubwa kuliko yote ni kuchagua nyasi zinazokua kwa kichaka, yaani shina linaongezeka palepale lilipo. Zile zinazotambaa chini kwa chini hazijui mpaka. Matete ya mtoni yanapendeza machoni, lakini ukiyaleta nyumbani yatachomoza hadi kwa jirani. Mabingobingo nayo hupita mita 3. Ng'ombe watakushukuru, ila kiwanja kidogo kitamezwa. Kwa hiyo nilichukua vetiva, mchaichai, na zile nyasi za zambarau zenye mikia laini ambazo wauza maua wa barabarani huziweka kwenye viriba.

Vetiva ndiyo nguzo ya bustani yangu. Asili yake ni India, na watu wengi wanaijua kama nyasi ya kuzuia mmomonyoko tu, jambo ambalo naona linaidhulumu. Majani yake yanasimama wima, kisha yanainama juu taratibu, na ikitoa maua inaweza kumpita mtu mzima kwa urefu. Mizizi yake inashuka moja kwa moja, hata mita 3 na zaidi, badala ya kusambaa pembeni, ndiyo maana sikuogopa kuipanda karibu na ukuta. Inastahimili ukame na chumvi pia. Kivuli ndicho isichokipenda. Chini ya mwembe itadumaa.

Kila shimo nilichimba pana, nikachanganya mchanga na samadi iliyooza vizuri. Vipando vya vetiva vilikuwa na machipukizi matatu hivi kila kimoja, majani nimeyapunguza hadi sentimita 20. Juu nikatandaza makumbi ya nazi. Hapa pwani makumbi hayana bei, na yanazuia jua lisikaushe mchanga. Kumwagilia ni kwa kushibisha shina, siyo kunyunyiza kidogo kila jioni, maana maji ya juujuu huifundisha mizizi kubaki juu. Samadi nayo isizidi: nyasi zikilishwa sana zinarefuka haraka, zinakuwa laini, na mvua moja tu ya masika inazilaza.

Bibi jirani alipoona zimefika kifuani aliniita. "Mwanangu, hapo utafuga nyoka." Nikamwamkia, nikakaa naye, kwa sababu hofu yake ni ya haki. Nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha, na majani makavu yaliyolundikana chini ndiyo maficho yenyewe. Kwa hiyo kila mara navua majani makavu kwenye mashina, nafagia chini mpaka mchanga uonekane kati ya kichaka na kichaka, na vichaka vyote viko mbali na milango na madirisha. Aliniuliza na mbu. Viluwiluwi vya mbu vinakua kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo makopo na matairi ndiyo ya kuondoa kwanza. Lakini mbu wakubwa hupumzika kwenye majani yenye kivuli, sababu nyingine ya kuziweka mbali na dirisha la kulala.

Kila mwaka mwishoni mwa Februari, kabla masika hayajaanza Machi, nazikata zote hadi sentimita 20 au 30 kutoka chini. Vaa mikono mirefu na glovu, kwa sababu kingo za mchaichai na vetiva zinachana ngozi. Kwa wiki kadhaa bustani inaonekana kipara, halafu mvua zikishuka zinachipua kwa nguvu ambayo kichaka kisichokatwa hakiipati. Kichaka kilichozeeka katikati nakichimbua wakati huohuo, nakigawa kwa panga, na kupanda vile vipande vya pembeni vyenye uhai. Hivyo ndivyo nyasi za zambarau zinavyoongezwa, kwani ni nadra kutoa mbegu zinazoota. Majani ya vetiva yanakuwa matandazo. Ya mchaichai naanika kivulini kwa chai.

Masika yanayokuja nahamishia vipande vya vetiva kando ya mtaro, ambako maji ya mvua yanakula mchanga wa njia yetu. Pale nitavibana, sentimita 10 hadi 15 kati ya kipando na kipando, ili viungane viwe ukuta mmoja, na bibi jirani ameshasema anataka mstari huo uendelee hadi upande wake.